Forodha ya Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa kwenye vibanda vya mawakala pale Busia, katika maduka ya Kikuubo jijini Kampala, na kwenye simu za jamaa walio ng'ambo wanaotaka kutuma gari nyumbani. Baadhi ya majibu yanaanzia mbali kidogo, kwa sababu mengi yanayowakera watu mpakani leo yana umri wa miaka mia na zaidi.

## Mambo ya msingi

Idara ya Forodha hufanya kazi gani hasa?

Ile inayojulikana na kila mtu ni kukusanya ushuru na kodi kwenye bidhaa zinazoingia. Ya pili ni kusimamia zinazotoka, kama kahawa, samaki na chai. Ya tatu husahaulika, nayo ndiyo yenye kuumiza kichwa: kufuatilia mizigo inayopita tu Uganda ikielekea Rwanda, Kongo au Sudan Kusini. Mzigo wa aina hiyo haulipiwi ushuru hapa. Basi lori la sukari lililoandikiwa Juba likishusha Kampala usiku, serikali imekosa kila shilingi, na mwenye miwa wa Busoga ameletewa sokoni mshindani ambaye hajalipa chochote.

Forodha pia ni mlango unaolindwa kwa niaba ya wengine. Shirika la viwango lina masharti yake, mamlaka ya dawa ina yake, kilimo na wanyamapori vilevile. Afisa wa forodha ndiye anayeonekana, kwa hiyo ndiye anayelaumiwa hata pale kibali kilichokosekana si chake.

Forodha na URA ni kitu kimoja?

Forodha ni idara ndani ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, ambayo wote tunaiita URA. Inaongozwa na Kamishna wa Forodha, aliye chini ya Kamishna Mkuu. Makao makuu yako Nakawa, Kampala, katika jengo la ghorofa 22 lililozinduliwa Januari 2019.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sheria kuu ya forodha inayotumika hapa si ya Uganda peke yake. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Afisa wa Uganda pale Mutukula na mwenzake wa Tanzania wanafungua kitabu kimoja. Kodi nyingine zinazodaiwa mpakani, kama ya ongezeko la thamani, ndizo zinazotokana na sheria za Bunge la Kampala.

Uganda haina bahari. Forodha yake iko wapi?

Mashariki kuna Malaba na Busia, ambako mzigo mwingi hupita. Kusini ni Mutukula, njia ya Dar es Salaam. Kusini magharibi kuna Mirama Hills, Katuna na Cyanika kwa Rwanda, kisha Bunagana na Mpondwe kwa Kongo. Kaskazini ni Elegu kwa Sudan Kusini, na huko West Nile kuna Vurra, Goli na Oraba. Ongeza uwanja wa ndege wa Entebbe, na bandari za ziwani za Port Bell na Jinja.

Lakini ofisi moja muhimu haiko Uganda kabisa. URA ina maafisa wake Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala. Nchi yenye pwani hungoja meli itie nanga, ikahesabu mzigo wake. Uganda haijapata nafasi hiyo hata siku moja. Forodha yake tangu mwanzo imekuwa shughuli ya kuelewana na jirani, na pasipokuwa na maelewano, haifanyi kazi. Ukilishika hilo, historia iliyo hapa chini itakuwa rahisi kuifuata.

Pesa za forodha huenda wapi?

Huingia mfuko mkuu wa serikali, na Bunge ndilo linalogawa katika bajeti. Hazibaki mpakani. Zamani forodha ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mapato ya nchi. Siku hizi kodi za ndani zimeipita, ingawa zinazokusanywa kwenye biashara ya nje bado ni zaidi ya theluthi ya makusanyo ya URA. Mafuta ya petroli na dizeli yana sehemu nono humo.

Kodi hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Anayetaka umpe mkononi anataka kitu kingine.

## Historia

Kabla ya Waingereza kulikuwa na ushuru?

Ulikuwepo, ila haukuwa na ofisi. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walifika ikulu ya Kabaka Suuna mwaka 1844, wakiongozwa na Ahmed bin Ibrahim, wakileta vitambaa na kutafuta pembe za ndovu. Kufikia hapo merikani yao ilikuwa imeshatozwa sana. Kwa mikataba aliyofunga na mataifa ya kigeni, Sultani wa Zanzibar alichukua asilimia 5 ya bidhaa zilizoingia, na njiani, Ugogo na kwingineko, misafara ililipa hongo kwa kila mtemi aliyekuwa na maji na watu wa kutosha kuizuia isipite.

Ni kweli Uganda na Kenya ziliwahi kuwa na forodha moja?

Ni kweli, na kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya Uganda ilishuka Mombasa, ikapanda treni, kisha meli ya ziwani. Kuweka forodha mbili kwenye njia moja lilikuwa jambo la gharama na usumbufu, hivyo mwaka 1917 za Uganda na Kenya zikaunganishwa. Tanganyika iliingia hatua kwa hatua katika miaka ya 1920. Mwaka 1949 idara zote zikawa moja: Idara ya Forodha na Ushuru wa Bidhaa ya Afrika Mashariki.

Ndoa hiyo haikuwa ya haki sana. Miaka ya 1920 ushuru wa ngano, siagi na bidhaa nyingine za shambani zilizotoka nje ulipandishwa ili kuwalinda walowezi wa Kenya. Mnunuzi wa Kampala, ambaye hakuwa na mlowezi wa kumlinda, alilipa bei ya juu ili mkulima wa Bonde la Ufa astawi. Baadaye viwanda navyo vikajazana Nairobi. Malalamiko yalipozidi, Tume ya Raisman ya mwaka 1961 ilipendekeza asilimia 6 ya mapato ya forodha iingie kapu la pamoja, pamoja na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya kampuni za viwanda na fedha. Nusu ya kapu iendeshe huduma za pamoja, nusu igawiwe nchi tatu sawa kwa sawa. Ilisaidia kidogo.

Kwa nini umoja huo ulivunjika?

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala mwaka 1967, makao yakawa Arusha. Ukaruhusu nchi iliyo nyuma kiviwanda kutoza kodi fulani kwenye bidhaa za jirani aliyeitangulia, na hapo soko la pamoja likaanza kuwa na vizingiti vya ndani. Kisha siasa zikamaliza kazi: Idi Amin alichukua madaraka mwaka 1971, Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na Kenya na Tanzania zikawa zinavutana kwa sababu zao. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Kila nchi ikabaki na kipande chake cha forodha, na Uganda ikakiweka chake chini ya Wizara ya Fedha.

Magendo ya kahawa ya miaka ya 1970 yalikuwaje?

Wazee wa Bugisu na Busia bado wanayasimulia. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na bei ya dunia ikapaa. Wakati huohuo, mkulima wa Uganda alilipwa na bodi ya serikali kwa shilingi isiyonunua kitu, pengine baada ya miezi. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na fedha taslimu, sabuni, chumvi na sukari. Nani angepeleka kahawa yake kwenye chama cha ushirika?

Kahawa ikavuka Mlima Elgon kwa punda na kwa vichwa vya watu, ikavuka ziwa kwa mitumbwi. Chepkube, soko dogo upande wa Kenya, likajaa wanunuzi na fedha kwa namna ambayo halijapata kuiona tena. Kahawa ya Uganda ikauzwa nje kama ya Kenya. Amin aliunda kikosi cha kuzuia magendo ziwani na kumweka Mwingereza Bob Astles akisimamie. Watu walipigwa risasi majini, na kahawa ikaendelea kuvuka, maana baadhi ya waliotakiwa kuizuia ndio waliokuwa na malori.

Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipindi kilichoiumiza forodha ya Uganda kuliko vyote. Si kwa sababu ya fedha zilizopotea tu. Kizazi kizima kilijifunza kwamba kulipa ushuru ni ujinga na kukwepa ni kuhangaikia watoto, na afisa wa forodha alihesabiwa pamoja na askari wa kizuizini.

URA ilianzishwa kwa nini?

Serikali ya NRM, ya Yoweri Museveni, iliyoingia mwaka 1986 ilikuta hazina tupu. Idara za kodi wizarani zilikuwa na mishahara duni, mafaili yanayopotea na watumishi wanaoishi kwa kile wanachookota kazini. Ushauri uliovuma wakati huo ulikuwa kuzitoa wizarani na kuzifanya mamlaka moja yenye ajira na mishahara yake. Sheria ikapita mwaka 1991, na URA ikaanza kazi Septemba mwaka huohuo. Kamishna Mkuu wa kwanza, Edward Larbi Siaw, aliletwa kutoka Ghana. Kodi ya ongezeko la thamani ilifuata mwaka 1996, kwa kelele nyingi za wenye maduka.

Na ufisadi uliishia wapi?

Haukuisha. Kufikia 2002 malalamiko yalikuwa mengi kiasi cha kuundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Julia Sebutinde, na wananchi walikuwa wakisikia maafisa wakiulizwa wamejengaje majumba kwa mishahara yao. Ripoti ya tume ilizua mabishano yake yenyewe. Allen Kagina aliposhika ukamishna mkuu mwaka 2004, alivunja muundo wa zamani, na watumishi wakalazimika kuomba kazi upya.

Semina za maadili zimekuwa nyingi. Kilichosaidia zaidi, ukiniuliza, ni kompyuta. Tangu karatasi za tamko, yaani maelezo ya mzigo yanayowasilishwa forodhani, zihamie kwenye mfumo wa ASYCUDA, na hasa toleo la mtandaoni la mwaka 2012, wakala hamjui afisa atakayepangiwa faili lake, na kila anayeligusa anaacha alama. Pale ambapo watu bado wanaonana ana kwa ana, kwenye ukaguzi wa mzigo wenyewe, ndipo minong'ono inaposikika hadi leo.

Umoja wa Forodha wa mwaka 2005 ulibadilisha nini?

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, itifaki ya forodha ikasainiwa Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 1, 2005. Safari hii majirani walikumbuka yaliyowavunja. Bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru mara moja, lakini baadhi ya bidhaa za viwanda vya Kenya ziliendelea kutozwa zikiingia Uganda, kuanzia asilimia 10 na kupungua kila mwaka hadi sifuri mwaka 2010. Viwanda vya Jinja na Kampala vikapata muda wa kupumua.

Leo Jumuiya ina nchi wanachama 8, kutoka Somalia hadi Kongo, ingawa kwa baadhi ya wageni hawa utekelezaji bado uko nyuma ya saini.

## Ushuru unavyohesabiwa

Viwango vya ushuru ni vipi?

Kwa bidhaa kutoka nje ya Jumuiya kuna ngazi nne: sifuri kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, na 35 kwa zile zinazotengenezwa hapa za kutosha. Ngazi hii ya nne ilianza Julai 1, 2022. Juu ya hapo kuna orodha ya bidhaa nyeti: mahindi asilimia 50, maziwa 60, sukari 100. Kila Juni mawaziri wa fedha hukubaliana mabadiliko, na kila nchi huomba ruhusa ya kutofuata kiwango fulani kwa mwaka mmoja. Ndiyo sababu bei aliyokupa wakala mwezi Mei inaweza kukataa Julai.

Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na yenye cheti cha asili haitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinabaki.

Kama ushuru ni asilimia 25, mbona nimelipa zaidi ya nusu ya bei?

Kwa sababu ushuru ni wa kwanza tu kwenye foleni. Tuseme mzigo wako una thamani ya shilingi milioni 10 ukijumlisha bei, bima na nauli. Ushuru wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 18, haihesabiwi kwenye milioni 10 bali kwenye 12.5, kwa hiyo ni milioni 2.25. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni laki 6. Umeshafika milioni 5.35, na bado kuna tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5.

Kodi ya zuio si hasara moja kwa moja. Ni malipo ya awali ya kodi yako ya mapato, na unaidai kwenye hesabu za mwaka. Aliyesajiliwa kwa VAT naye hukata ile aliyolipa mpakani. Wanaoumia ni wale wanaoagiza kwa jina la mtu mwingine: stakabadhi zinatoka kwa namba ya mlipakodi isiyo yao, na haki ya kudai inabaki kwa mwenye namba.

Kwa nini wamekataa risiti yangu na kupandisha thamani?

Kanuni ni kwamba thamani ya forodha ni bei uliyolipa kweli. Afisa akiwa na sababu ya kuishuku, sheria inampa njia nyingine za kufuata kwa mpangilio: bei ya bidhaa ileile kwa mwagizaji mwingine, kisha ya bidhaa inayofanana nayo, na kuendelea. Hatakiwi kuruka tu hadi namba aliyoitoa kichwani.

Kinachokuokoa ni ushahidi wa malipo. Risiti yoyote inaweza kuchapishwa Guangzhou kwa dakika tano, na wanajua. Hati ya benki inayoonyesha fedha zilizotoka kwako kwenda kwa muuzaji ni kitu kingine kabisa. Ukishindwa kuelewana nao, tazama swali la kukata rufaa hapo chini.

Gari lililotumika linatozwaje?

Kama bidhaa nyingine, kisha inaongezeka tozo ya mazingira ambayo huwa kali kwa magari yaliyozeeka. Ndiyo sababu gari la bei nafuu Japani linaweza kulipiwa kodi kubwa kuliko la bei ghali lakini jipya. Thamani hulinganishwa na kumbukumbu za URA za aina hiyo na mwaka huo, hivyo punguzo alilokupa muuzaji si lazima likubaliwe.

Tangu Oktoba 2018, gari lenye zaidi ya miaka 15 tangu litengenezwe halikubaliwi kuingia kwa usajili wa kawaida. Miaka huhesabiwa tangu kutengenezwa. Usiangalie tarehe ya usajili wa kwanza Japani. Wapo waliochanganya hizi mbili na gari likakwama.

Narudi nyumbani baada ya miaka mingi ng'ambo. Nitalipia gari langu?

Anayehamisha makazi kuja Uganda anaweza kuingiza vitu vya nyumbani na gari moja bila ushuru, ikiwa gari alilimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12. Hati za umiliki ziwe kwa jina lako. La shemeji halihesabiki, hata kama ndiwe uliyekuwa ukiliendesha.

## Mpakani na njiani

Kontena langu liko Mombasa. Nini kinatokea?

Tangu mwaka 2014 nchi zetu zinafanya kazi kama eneo moja la forodha. Zamani mzigo ulitoka bandarini kwa dhamana, ukasimamishwa Malaba kwa karatasi upya, na kodi ikalipwa ulipofika. Sasa wakala wako Kampala anaingiza tamko kwenye mfumo kabla mzigo haujaondoka bandarini, unalipa, na maafisa wa URA walioko Mombasa wanauachia.

Mfumo hupanga kila tamko kwenye rangi. Kijani, endelea. Manjano, hati zinasomwa. Nyekundu, kontena linafunguliwa au kupitishwa kwenye mashine ya picha. Bluu, mzigo unaenda lakini watakufuata baadaye kwenye vitabu vyako vya hesabu. Aliyedanganya akapewa nyekundu hulia siku hiyohiyo. Wa bluu hulia baada ya mwaka.

Mzigo usiolipiwa, unaokwenda ghala la forodha au nchi nyingine, hufungwa sili ya kielektroniki. Inatuma mahali lilipo lori kwenye chumba cha ufuatiliaji: dereva akiacha barabara, akisimama sana au sili ikiguswa, king'ora kinalia na kikosi cha doria kinatumwa.

Kituo kimoja cha mpakani kinafanyaje kazi?

Unasimama mara moja badala ya mbili. Ukitoka Kenya kwenda Uganda kupitia Busia, unapita upande wa Kenya bila kushuka, na katika jengo la upande wa Uganda unawakuta maafisa wa nchi zote mbili. Ukirudi ni kinyume chake. Kile cha Mutukula kilizinduliwa Novemba 2017 na cha Busia Februari 2018. Malaba na Mirama Hills navyo hufanya kazi hivyo.

Foleni hazijaisha. Mwaka 2020, madereva walipoanza kupimwa korona, malori yalipangana Malaba kwa kilomita nyingi na watu wakalala barabarani kwa siku kadhaa.

Mimi ni mama wa sokoni, navusha nyanya na mayai. Hayo yote yananihusu?

Mengi hayakuhusu. Bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinavuka kwa cheti rahisi cha asili kinachojazwa hapohapo mpakani. Huhitaji wakala. Bado unaweza kuombwa kibali cha afya ya mimea au mifugo.

Njia za panya zipo, na kila mtu anazijua. Busia, walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu za kusukuma kwa mikono walijijengea kazi ya kuvusha mizigo tangu miaka ya 1970, maana maafisa waliona haya kuwakamata. Hata bodaboda, ambayo sasa iko Afrika nzima, ilianza kama baiskeli ya kumvusha abiria na furushi lake kati ya vituo viwili vya mpaka huku. Lakini kwa bidhaa isiyotozwa ushuru, njia ya panya ni hasara: unalipa watu wa njiani kile ambacho ungepewa bure kwenye dirisha.

Natua Entebbe kutoka Dubai. Naruhusiwa nini?

Nguo na vitu vyako vya matumizi havitozwi. Mkaazi anayerudi baada ya zaidi ya saa 24 nje ya Jumuiya anaruhusiwa bidhaa zisizozidi thamani iliyowekwa na sheria. Aliyefikisha miaka 18 anaongezewa pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2, manukato nusu lita, na tumbaku gramu 250. Simu 15 kwenye sanduku moja ni biashara, hata ukisema ni zawadi za harusi.

Fedha taslimu zinazozidi shilingi milioni 30, au kiasi kama hicho kwa sarafu nyingine, lazima zitangazwe ukiingia au ukitoka. Hazitozwi kodi. Kosa ni kunyamaza.

Lazima nitumie wakala?

Kwa mzigo wa kibiashara wa kawaida, ndiyo. Leseni ya wakala ni ya mwaka mmoja, hivyo omba kuiona, na uone namba yako ya mlipakodi ndiyo iliyo kwenye tamko. Mbele ya sheria mwenye mzigo hawezi kusema "aliyeandika ni wakala" akadhani ameponea hapo.

## Mambo yenye utata

Mzigo umekaa muda mrefu sijaulipia. Utauzwa?

Inategemea uko wapi. Mzigo usiotolewa tamko ndani ya siku 21 unaweza kuhamishiwa ghala la serikali. Ukikaa huko siku 30 bila kuchukuliwa, tangazo hutolewa, na zikipita siku 30 nyingine unapigwa mnada. Ulio kwenye ghala la forodha la binafsi, kama magari yale ya Nakawa, una miezi 6, na unaweza kuombewa 3 zaidi. Omba kabla muda haujaisha.

Nahisi nimetozwa kimakosa. Nikate rufaa wapi?

Andika kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu uamuzi, ukieleza sababu. Naye ana siku 30 za kujibu, na akikaa kimya muda huo ukapita, sheria inahesabu kwamba amekubali ombi lako. Wachache wanalijua hilo. Ukikataliwa, una siku 45 za kwenda Baraza la Rufaa za Kodi. Malumbano kwenye dirisha hayahesabiki kama rufaa. Barua yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo inayohesabika.

Mzigo unaopita tu nao hufunguliwa?

Ukishukiwa, ndiyo. Januari 2019, kontena zilizotoka Sudan Kusini zikiwa na magogo ya mbao zilipitishwa kwenye mashine ya picha Kampala. Magogo yalikuwa yamechongwa ndani yakawa matupu, yakajazwa na kuzibwa kwa nta. Walipoyapasua walikuta vipande 750 vya pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Kwa macho ya kawaida zilikuwa mbao tu.

Jirani akifunga mpaka, mzigo wangu ufanyeje?

Hutokea. Rwanda ilifunga Gatuna, ng'ambo ya Katuna, Februari 2019 na kuifungua Januari 31, 2022. Bunagana iliangukia mikononi mwa waasi wa Kongo wa M23 Juni 2022, na wenye mizigo ya Kongo wakalazimika kutafuta njia nyingine. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wenye vurugu waling'oa reli ya Kibera, Nairobi, na Kampala ikakosa mafuta.

Wakala anaweza kuomba kubadilisha kituo cha kutokea kwenye tamko lile lile. Afanye hivyo kabla lori halijaondoka kwenye njia iliyoidhinishwa, maana sili haijui kwamba mpaka umefungwa. Inajua tu kwamba umepinda kona. Wenye mizigo mingi huweka mkataba na wasafirishaji wa njia zote mbili, Mombasa kupitia Malaba na Dar es Salaam kupitia Mutukula, au kwa reli hadi Mwanza na meli hadi Port Bell. Gharama za kusubiri mpakani humwangukia mwenye mzigo isipokuwa mkataba useme vinginevyo, kwa hiyo soma kifungu hicho kabla ya kutia saini.